Chanuo, panchi na mchi wa mguu: zana za kujitengenezea za kutoboa ngozi

Mkanda wa sentimita 110 ukishonwa pande zote mbili kwa hatua ya milimita 4, yaani umbali wa tundu hadi tundu, unataka matundu kama 550. Anayetoboa moja moja kwa msharasi, ile sindano nene ya mshona viatu, anapima mara 550, analenga mara 550, anasukuma mara 550, na hapo bado hajaingiza uzi. Ikija oda ya mikanda kumi, fundi huyo atashinda wiki nzima akitoboa.

Wengi wanaoanza hudhani kinachochosha ni ugumu wa ngozi, kwa hiyo wanatafuta nyundo kubwa zaidi. Mimi nasema kinachochosha zaidi ni kulenga. Mkono unapona ukipumzika kwa kikombe kimoja cha chai, lakini jicho likishachoka mshono unaanza kuyumba, na mteja huuona mshono uliopinda kabla hata hajaushika mkanda. Ndiyo maana zana za hapa chini zinaanza na zile za kukuondolea kupima, na ile ya kukuondolea nguvu inakuja mwisho. Ukitengeneza hiyo ya nguvu peke yake utapata matundu mabaya kwa haraka zaidi.

Vyuma vyote vinapatikana kwa wauza vyuma chakavu. Kwa wa Dar es Salaam, Gerezani utakata, utatoboa na kuchomelea hapo hapo. Kwa wa Nairobi, Kamukunji. Kwingine kokote, fundi wa madirisha na mageti anatosha.

Unatobolea juu ya nini?

Zana nzuri juu ya meza mbaya haifanyi kazi. Tafuta kipande cha gogo la mti mgumu, mwembe au mwarobaini unatosha, na utobolee juu ya kichwa cha gogo, yaani pale nyuzi za mti zinapotazama juu. Ncha inaingia katikati ya nyuzi, na ukiitoa mti unajifunga wenyewe. Ubao uliolazwa unakatika nyuzi, unafanya mashimo, na baada ya muda ngozi inazama kwenye mashimo hayo wakati unapopiga.

Gogo likae chini sakafuni, au kama ni la mezani likae juu ya mguu wa meza. Ukipiga katikati ya meza, meza inaruka na nusu ya nguvu yako inaishia huko. Juu ya gogo tandika kile kibao cha plastiki cha kukatia mboga, ili ncha zisiishe makali mapema.

Usitandike tairi. Tairi nyingi za magari zina waya za chuma katika ile sehemu inayokanyaga barabara, na ncha ikikutana na waya imekwisha. Hata lile lisilo na waya linadunda, kwa hiyo unapiga mara tatu pale ambapo moja lingetosha.

Kuhusu ngozi yenyewe: ile iliyotengenezwa kwa magome, kama ya miwati, inatoboka safi, na inatoboka safi zaidi ikiwa na unyevu kidogo. Pangusa upande wa ndani kwa sponji iliyokamuliwa, ngoja rangi yake ikaribie kurudi kama ilivyokuwa, ndipo utoboe. Ila ujue kwamba ngozi ya magome yenye maji ikigusana na chuma kitupu inaacha doa jeusi ambalo halitoki kwa kupangusa. Paka meno ya zana nta ya nyuki, na usiache chuma kimelala juu ya ngozi yenye unyevu ukaenda kula. Ngozi ya kromu, ile laini inayovutika, haina tabia hiyo, lakini tundu lake linajifunga baada ya muda. Itoboe ukiwa tayari kushona.

Kigezo cha matundu ya mkanda

Hii ni kazi ya nusu saa. Matundu ya bizimu kwa kawaida huwa matano, yakiachana milimita 25, na la katikati ndilo linalobeba kiuno cha mwenye mkanda. Badala ya kupima kila mara, kata ukanda wa plastiki kutoka ubavuni mwa dumu la mafuta, upana wake uwe sawa kabisa na upana wa mkanda unaotengeneza. Piga mstari katikati, tia alama za matundu matano, toboa kwa msumari mwembamba. Mwisho mmoja bandika kipande cha ngozi kiwe kizuizi, ili kigezo kikifika kwenye ncha ya mkanda kisimame chenyewe.

Kila upana wa mkanda utengenezee kigezo chake, na uandike upana huo juu yake kwa kalamu ya wino usiofutika. Vigezo vyote vitoboe tundu moja la kuvitundika kwenye msumari ukutani, maana kigezo kilichopotea kwenye vipande vya ngozi hukipati tena.

Chanuo la kutoboa mshono

Hapa ndipo palipo na faida kubwa. Chanuo ni safu ya meno yaliyoachana kwa kipimo kimoja, unaloligonga mara moja likatoboa matundu kadhaa. La dukani lipo, lakini la kujitengenezea unachagua mwenyewe hatua ya mshono, na jino likivunjika unabadilisha jino tu.

Watu wengi watakuambia ukate uma wa kulia chakula. Uma wa chuma kisichoshika kutu ni laini, meno yake yanapinda kwenye ngozi ya milimita tatu, na hatua yake imeshaamuliwa na aliyetengeneza uma. Utumie kutia alama, kutoboa usiutarajie.

Meno tutatumia misumari ya zege. Msumari wa mbao ni laini na unapinda. Wa zege umekomazwa kiwandani, na ukiunoa bila kuuchoma unashika makali vizuri sana.

Tafuta vitu hivi: misumari ya zege mitano yenye unene wa milimita 2.5 hivi, kipande cha chuma cha pembe, kile mafundi wanachokiita engo, cha milimita 25 kwa 25, unene milimita 3, urefu milimita 50, kipande cha fletibaa, yaani chuma bapa, chenye unene wa milimita 5, upana 20 na urefu 50, bolti mbili za milimita 6 na nati zake, na ukanda wa ngozi wa unene wa milimita 1. Vifaa vya kufanyia kazi ni drili, msumeno wa chuma, tupa ya pembe tatu, grainda au jiwe la kunolea la kuzunguka, jiliwa, na miwani ya kukinga macho. Miwani usiiruke: msumari wa zege hauna tabia ya kupinda, unapasuka na kurusha kipande.

1. Engo ina mbavu mbili. Mmoja utakuwa mgongo wa chanuo, mwingine utakuwa paa la kupigwa nyundo. Kata paa libaki na upana wa milimita 12 tu. Ukiliacha pana, siku moja nyundo itatua ukingoni, chanuo litainama na matundu yatatoka ya mshazari.

2. Kwenye fletibaa tia alama za meno matano. Weka rula mara moja tu, katikati ya kipande, na uweke alama kwenye 0, 4, 8, 12 na 16 bila kuisogeza. Ukipima kila alama kutoka kwenye ile iliyotangulia, makosa madogo madogo yanajumlishana. Kosa la robo milimita kwenye jino moja litajirudia kila unapopiga, na mshono mzima utakuwa unachechemea kwa mpangilio, jambo ambalo jicho hulikamata haraka kuliko kosa la bahati mbaya. Kwa makubadhi na mikanda minene, hatua ya milimita 5 inapendeza zaidi. Kwa pochi na mikoba, 4 au hata 3 ukipata misumari myembamba.

3. Kwa skwea, chora mistari iliyosimama wima kwenye alama hizo, ianzishe kwa msumeno, kisha imalizie kwa tupa ya pembe tatu hadi mfereji ufike kina cha milimita 1. Mifereji hii ndiyo vitanda vya misumari. Usiichonge kwenye engo, kwa sababu paa litazuia tupa isifike mwisho.

4. Bana fletibaa na engo pamoja, mifereji ikitazama mgongo wa engo, na utoboe vyote viwili kwa wakati mmoja kwa keekee ya milimita 6.5. Matundu yawe milimita 7 kutoka kila mwisho. Ukitoboa kimoja kimoja havitalingana.

5. Kata vichwa vya misumari kwa grainda, kisha ikate yote iwe na urefu wa milimita 37. Milimita 22 zitakaa ndani ya chanuo, 15 zitachomoza. Mwisho wa juu, ule utakaogusa paa, uwe bapa. Ukiangalia ndani ya kona ya engo utaona haikukata sawasawa, ina mviringo. Lainisha ukingo wa juu wa kila msumari kidogo ili usikalie mviringo huo, maana msumari uliokaa juu ya mviringo utatelezea pembeni ukipigwa.

6. Sasa wembamba. Msumari wa milimita 2.5 utatoboa tundu kubwa mno kwa uzi wa kawaida. Funga msumari kwenye drili, washa jiwe la kunolea, na uusogeze msumari ukizunguka taratibu hadi milimita 10 za mwisho ziwe na unene wa milimita 1.5. Chovya kwenye maji kila baada ya sekunde chache. Chuma kikigeuka rangi ya majani makavu, bado ni kizima. Kikigeuka bluu, kimeshapita nyuzi joto 290 hivi na ugumu wake umepungua. Kipande cha bluu kitupe na uanze na msumari mwingine, haugharimu kitu.

7. Panga misumari kwenye mifereji, weka ukanda wa ngozi kati ya misumari na mgongo wa engo, kisha kaza bolti. Ngozi hiyo ina kazi: mifereji uliyochonga kwa mkono haiwezi kuwa na kina sawa kabisa, na bila kitu laini hapo kati, msumari mmoja au miwili itacheza wakati mingine imebanwa. Hakikisha kila msumari umegusa paa. Usipogusa, utarudi ndani siku ya kwanza.

8. Tandaza msasa wa maji namba 400 juu ya kioo, simamisha chanuo na usugue ncha butu zote kwa pamoja hadi zigusane na kioo kwa usawa. Baada ya hapo ndipo unoe kila ncha iwe na pande nne. Malizia kwa namba 1000. Usinoe kwanza ukalinganisha baadaye, utaziondoa ncha zote ulizohangaikia.

Ukishaizoea kazi, unaweza kuzifanya ncha kuwa bapa kama ya msharasi badala ya pande nne. Uzuri wa misumari ya duara ni kwamba unalegeza bolti, unazungusha kila jino kwa koleo hadi yote yalale mshazari kwa pembe moja, kisha unakaza. Mshono unaopita kwenye matundu ya mshazari unalala vizuri sana, kila hatua ikiegemea upande mmoja.

Kulitumia: chora mstari wa mshono kwa bikari, mguu mmoja ukitembea ukingoni mwa ngozi. Piga mara ya kwanza. Mara ya pili jino la kwanza liingie kwenye tundu la mwisho ulilotoboa, na kadhalika. Kwa hiyo kila pigo linakupa matundu manne mapya, na ule mkanda wa matundu 550 unaisha kwa mapigo 140 hivi. Huna tena haja ya kupima hatua, kwa sababu tundu lililopita ndilo kipimo chako. Zikibaki sentimita chache kufika mwisho, weka chanuo juu bila kupiga, uone jino la mwisho litaangukia wapi. Likipita, gawanya tofauti kwenye matundu kadhaa ya mwisho kwa kuyasogeza kidogo kidogo, hakuna atakayeona.

Meno yatang'ang'ania kwenye ngozi, hasa ya tabaka mbili. Usiyumbishe chanuo kushoto na kulia, utavunja meno. Bandika ukanda wa sponji ya kandambili nyuma ya meno, upande usiotazama macho yako. Ukipiga unabonyea, ukiinua unaisukuma ngozi chini yenyewe. Ongeza nta kwenye meno na tatizo linabaki dogo.

Nyundo iwe ya mbao ngumu au ya plastiki nzito. Ya chuma inalikunja paa, na kelele yake itakugombanisha na majirani.

Ukiwa na nguvu bado, tengeneza chanuo la pili lenye meno mawili tu. Kwenye kona na mizunguko, kama pale ukanda wa kubadhi unapozunguka kidole, meno matano hayawezi kufuata mpindo. Mawili yanafuata popote.

Panchi za bomba

Chanuo halifai kwa tundu la bizimu wala la ribiti, kwa sababu hayo yanataka ngozi iondoke kabisa. Bomba la breki la gari linafaa sana hapa: la kawaida lina kipenyo cha nje cha milimita 4.75, na tundu litakalotoka ni la milimita 3 na kidogo, saizi nzuri kwa ribiti. Kwa tundu la ulimi wa bizimu tafuta bomba pana kidogo. Antena ya redio ya kuvuta ina mabomba yaliyoingiana ya vipenyo vingi, lakini ni laini. Itumie kwa ngozi nyembamba ya pochi.

Kata bomba sentimita 8. Lifunge kwenye drili, lizungushe, na uliegemeze kwenye tupa ili upate mteremko wa nje. Ndani usiguse, zaidi ya kuondoa vinyweleo vya chuma kwa ncha ya kisu. Mteremko ukiwa nje, tundu linatoka na ukuta ulionyooka, na ile sarafu ya ngozi inapanda juu ndani ya bomba. Ndiyo maana lazima uchonge dirisha ubavuni, sentimita 2 kutoka kwenye makali, la kutolea sarafu hizo. Bila dirisha, bomba linajaa baada ya matundu kadhaa, na panchi inaanza kuponda badala ya kukata.

Mwisho wa juu usipigwe wazi, utafunguka. Lichomeke bomba ndani ya kipande cha mbao ngumu hadi liguse bolti fupi uliyoizamisha kutoka juu. Nyundo inapiga kichwa cha bolti. Zungushia mbao pete ya bomba la maji ili isipasuke. Tahadhari moja: ukipewa bomba la maji lililopakwa zinki, usilichomelee wala kulipasha moto ndani ya chumba. Moshi wa zinki unaleta homa na maumivu ya mwili yanayoanza saa kadhaa baadaye, na mtu hudhani ni malaria.

Bomba la aina hii ni chuma laini, kwa hiyo halikomazwi kwa kulipasha na kulitumbukiza kwenye mafuta. Litapoteza makali, utalizungusha tena kwenye tupa kwa dakika moja, utaendelea. Ukitaka panchi ya kudumu, mpe fundi wa kukereza vyuma atoboe kipande cha fimbo ya springi ya gari kilicholainishwa kwanza kwa moto. Hiyo inakubali kukomazwa, lakini kwa mikanda ya kawaida ni gharama isiyo na sababu.

Mchi wa mguu

Ukitoboa kwa siku nzima, nyundo itakufikia begani. Hapo ndipo unapohitaji wenzo unaokanyagwa, mikono yote miwili ibaki kushika ngozi.

Kiini chake ni mabomba mawili ya mraba. La nje ni la milimita 25 lenye ukuta wa milimita 2, urefu sentimita 15. La ndani ni la milimita 20, urefu sentimita 30. La ndani ndilo mchi. Nafasi inayobaki ni milimita 1 kwa jumla, na ndani ya bomba la nje utakuta mshono wa kiwandani umevimba. Usugue kwa tupa ndefu hadi mchi upite. Ukicheza mno, kata bati la kopo la soda na uliingize upande mmoja pamoja na grisi. Watu wengi hufunga panchi moja kwa moja kwenye wenzo na kuruka hatua hii. Wenzo unazunguka kwenye egemeo lake, hausafiri wima, kwa hiyo meno huingia yakiwa yameinama na kutoka yakiwa yamepinda. Mchi ndani ya bomba ndio unaonyoosha mwendo.

Bomba la nje lifungwe wima kwenye nguzo nene iliyo nyuma ya gogo. Juu yake pita wenzo, mbao ya inchi 2 kwa 3 yenye urefu wa sentimita 90, ukiegemea bolti ya milimita 12 nyuma. Mchi uwe sentimita 15 kutoka kwenye bolti hiyo. Mwisho wa mbele wa wenzo unafungwa mnyororo au kamba isiyovutika, kushuka hadi kwenye pedali ya mbao. Hesabu ni rahisi: 90 kugawanya kwa 15 ni 6, kwa hiyo ukikanyaga kwa uzito wa kilo 20, mchi unabonyeza kwa kama kilo 120, ukiacha kinachopotea kwenye msuguano. Malipo yake ni mwendo: ili meno yashuke milimita 25, mguu lazima ushuke sentimita 15. Usirefushe wenzo ukidhani unapata bure, utajikuta unainua goti hadi kifuani. Wa kuurudisha juu ni ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, uliofungwa kutoka kwenye wenzo hadi kwenye dari au kwenye nguzo ndefu.

Chini ya mchi chomelea ulimi wa fletibaa wenye matundu mawili yanayolingana na bolti za chanuo, milimita 36 kutoka moja hadi jingine. Kwa bolti ndefu kidogo chanuo linafungwa kwenye ulimi huo, paa lake likigusa mwisho wa mchi. Ukimaliza mshono, unafungua bolti mbili, unafunga panchi.

Vitu viwili vya mwisho juu ya gogo ndivyo vinavyoigeuza mashine hii kuwa zana ya kweli. Cha kwanza ni kizuizi: kipande cha mbao kilichonyooka, kilichobanwa nyuma ya meno kwa umbali unaotaka mshono ukae kutoka ukingoni, milimita 4 kwa mfano. Ngozi ikiegemea kizuizi, bikari haihitajiki tena. Cha pili ni kwa ajili ya panchi: kijiti cha chuma kilichosimikwa kwenye gogo, milimita 25 kutoka katikati ya panchi, kifupi kuliko unene wa ngozi. Toboa tundu la kwanza, livike kwenye kijiti, kanyaga, vika jipya, kanyaga. Matundu matano ya bizimu yanaisha bila kigezo.

Weka pia kizuia-kina, kipande cha mbao chini ya wenzo, ili meno yazame kwenye kibao cha plastiki milimita 1 au 2 na si zaidi.

Vidole ndivyo vilivyo hatarini hapa, kwa kuwa mguu haujui mkono uko wapi. Pinda bati liwe ukuta mdogo mbele ya meno, lenye nafasi ya kupita ngozi peke yake. Ukienda nyumbani ondoa mnyororo kwenye pedali, hasa kama watoto wanapita karakana.

Makali yakianza kupungua utayajua kwa kuigeuza ngozi: nyuma ya kila tundu panatokea kichuguu badala ya mpasuko safi. Noa siku hiyo hiyo kwa msasa wa maji. Na soli za katambuga zisifike chini ya mchi kabisa. Zile waya za tairi zitavunja meno yote matano kwa kukanyaga mara moja, kwa hiyo hizo zitoboe kwa drili na uzishone kwa sindano ya ndoana.